Kabla hujaipiga Linux upya, njoo kwanza tutafute tatizo liko wapi

#1 · Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Kila mtu akilalamika kwamba Linux yake imegoma, jibu la kwanza analopewa ni "piga upya", yaani futa mfumo wote usakinishe tena. Nafungua uzi huu kwa sababu ushauri huo ulinipotezea miezi miwili na nusura unipotezee picha zote za familia.

Kompyuta yangu ilikuwa inaganda. Nafungua kivinjari, kishale kinasimama, muziki unarudiarudia silabi moja, halafu baada ya dakika hivi inaachia. Nikapiga Ubuntu upya (ndiyo aina ya Linux niliyokuwa natumia). Wiki moja shwari, tatizo likarudi. Nikaweka aina nyingine, Fedora, ikaenda siku nne. Nikahamia Linux Mint nikiamini ni nyepesi. Ikaganda vilevile. Mara zote hizo sikuwahi kuiuliza mashine yenyewe inaumwa nini. Siku niliyouliza, jibu lilikuja papo hapo:

`sudo dmesg -T | grep -iE "error|fail"`

Ikanimwagia mistari ya `I/O error, dev sda`, yote ikitaja sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokaribiana. Nikaweka kifurushi cha smartmontools, nikaendesha `sudo smartctl -a /dev/sda`, na kwenye mstari wa Current_Pending_Sector (sekta zinazoshindikana kusomwa) nikakuta namba ambayo haikuwa sifuri na kila siku ilikuwa inapanda. Diski ilikuwa inakufa. Zile siku chache za raha baada ya kila kupiga upya zilikuwa na sababu yake: mfumo mpya unaandikwa mahali pengine kwenye diski, na sekta iliyokuwa inasumbua kusomwa ikiandikwa upya, diski hupata nafasi ya kuihamishia kwenye sekta za akiba. Kwa hiyo unaona kama umepona, kumbe ugonjwa umesogea tu.

(Kama kwenye smartctl kinachopanda ni UDMA_CRC_Error_Count peke yake, usikimbilie kununua diski. Hiyo mara nyingi ni kebo au inakochomekwa.)

Tangu siku hiyo, tatizo lolote naligawa kwanza kabla ya kugusa kitu. Natengeneza akaunti mpya ya mtumiaji na kuingia nayo. Tatizo likitoweka, mfumo ni mzima, mbovu ni mipangilio iliyo kwenye folda yangu ya nyumbani, mara nyingi ndani ya `~/.config`. Likibaki, nawasha kompyuta kwa flashi ya Linux bila kusakinisha chochote. Likitokea hata huko, nashuku kifaa chenyewe au kerneli (kiini cha Linux) isiyokielewa. Lisipotokea, liko kwenye mfumo niliosakinisha, na hapo najiuliza nilibadilisha nini mara ya mwisho. Majaribio mawili ya dakika kumi, na tayari umeshaondoa robo tatu ya mahali pa kutafuta.

Halafu logi, yaani kumbukumbu ambazo mfumo huandika wenyewe. Kama kompyuta ilizimika au kuganda ukalazimika kuiwasha upya, hii inaonyesha makosa ya safari iliyopita, siyo ya sasa:

`journalctl -b -1 -p err`

Si kila mstari mwekundu ni ugonjwa. Kompyuta nzima kabisa nayo hutoa makosa mawili matatu ya BIOS kila inapowaka. Tafuta mstari wenye saa ileile tatizo lilipotokea.

Mwenye tatizo aliweke hapa tulichambue pamoja.

#2

Mkuu asante, umekuja wakati mwafaka. Natumia Ubuntu. Tangu jana nikiweka nenosiri kioo kinakuwa cheusi kidogo halafu kinanirudisha palepale pa kuweka nenosiri. Nenosiri ni sahihi, maana nikikosea inasema nimekosea. Nimeshachoma flashi tayari kupiga upya, ndiyo nikaona uzi wako.

#3 · Mleta uzi

Hiyo flashi iweke pembeni kwanza, ndugu. Ukiwa hapo pa kuingilia bonyeza Ctrl+Alt+F3. Utaona kioo cheusi chenye maandishi, ingia kwa jina lako na nenosiri lilelile (herufi za nenosiri hazitaonekana unapoandika, ni kawaida). Kisha leta majibu ya hizi mbili:

`df -h`
`ls -l ~/.Xauthority`

Kurudi kwenye picha ni Ctrl+Alt+F1 au F2, kwenye mifumo mingine F7.

Nauliza hizo kwa sababu kuingia na kurudishwa hivyo mara nyingi ni moja ya mambo mawili. Ama diski imejaa, kwa hiyo kikao chako hakipati hata nafasi ya kuandika faili dogo la kuanzia. Ama hilo faili la .Xauthority limegeuka kuwa mali ya root (akaunti ya msimamizi mkuu) kwa sababu siku moja ulifungua programu ya madirisha kwa sudo, amri inayokupa mamlaka ya root.

#4

Nimeingia kweli! Sikujua kama kuna mlango huo.

`/dev/nvme0n1p2   117G  111G     0  100% /`

Xauthority inaonyesha jina langu. Lakini mkuu, 117 kutoa 111 si sifuri. Hizo 6 zimeenda wapi?

#5

Naomba nimjibu hapo. Mfumo wa faili wa ext4 unapotengenezwa hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, ili diski ikijaa, msimamizi bado aweze kuingia na kusafisha. Ndiyo maana kwenye kioo cheusi amri za sudo bado zinakwenda.

Kuhusu kusafisha, tafadhali usianze kufuta vitu kwa `rm` ndani ya /usr au /boot kwa sababu tu vina majina usiyoyajua. Nimeona mtu akifuta kerneli za zamani kwa mkono, na ile iliyokuwa inatumika ikaondoka nazo. Kuna njia salama:

`sudo apt autoremove --purge`
`sudo apt clean`
`sudo journalctl --vacuum-size=200M`

#6 · Mleta uzi

Naunga mkono, ila kabla ya kusafisha ningependa tujue kilichojaza, la sivyo wiki ijayo ataturudia. Mkuu wa #2, endesha hii, kisha ingia kwenye folda kubwa kuliko zote na uirudie humo:

`sudo du -xh -d1 / | sort -h`

#7

/var ina 71G. Ndani yake /var/log ina 66G! Kuna syslog ya 34G na kern.log ya 31G. Nizifute?

#8 · Mleta uzi

Hapana, subiri! Kuna mambo mawili hapo.

Kwanza, faili la logi linalofikia 34G maana yake kuna kitu kinapiga kelele mfululizo. Isikilize hiyo kelele kabla hujainyamazisha: `sudo tail -n 20 /var/log/kern.log`.

Pili, ukifuta kwa `rm` faili ambalo programu bado imelishikilia, jina litaondoka kwenye folda lakini nafasi haitarudi hadi programu hiyo iliachie. Watu wengi huchanganyikiwa hapa, wamefuta 30G na df bado inasema 100%. Faili la namna hiyo unalimwaga yaliyomo, unaliacha lenyewe:

`sudo truncate -s 0 /var/log/syslog /var/log/kern.log`

#9

Nimeangalia tail kwanza kama ulivyosema. Ni mstari mmoja unajirudia mara nyingi kwa sekunde:

`PCIe Bus Error: severity=Corrected, type=Physical Layer`

Halafu nikazimwaga. Nimeingia kwenye kompyuta yangu kama kawaida!! Asanteni sana. Lakini naona faili limeshafika 200M tena.

#10

Huo mstari naufahamu, ulinitesa na mimi. Corrected maana yake kosa lilitokea kwenye mawasiliano ya basi la PCIe (njia inayounganisha kadi na ubao wa kompyuta) na likasahihishwa papo hapo, kwa hiyo data yako iko salama. Shida ni kwamba kila sahihisho linaandikwa. Mbele ya mstari kuna namba kama 0000:00:1c.5. Hiyo kwa kawaida ni tundu, siyo kadi yenyewe. Andika `lspci -tv` uone kilichochomekwa nyuma yake. Kwangu ilikuwa kadi ya Wi-Fi, na chanzo kilikuwa utaratibu wa kuokoa umeme unaoitwa ASPM, ambao kadi hiyo na ubao wangu havipatani nao.

Jaribu mara moja tu kwanza. Wakati wa kuwasha shikilia Shift, au gusa Esc kama ni UEFI, utaona menyu ya GRUB (programu inayoanzisha mfumo). Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwishoni mwake ongeza `pcie_aspm=off`, kisha Ctrl+X. Jaribio hilo halihifadhiwi popote, kwa hiyo likikataa unawasha upya tu na kila kitu kiko kama mwanzo.

Mtandaoni utaona wengi wanasema uweke `pci=noaer`. Hiyo inazima taarifa za makosa tu, makosa yenyewe yanaendelea. Iwe ya mwisho kabisa.

#11

Mkuu wa #1 samahani, mimi nina mtazamo tofauti. Kupiga upya kwangu ni dakika ishirini. Nina /home kwenye sehemu yake ya diski, sipotezi kitu. Kwa nini nikae saa tatu nachimba logi wakati nina kazi ya kukabidhi?

#12 · Mleta uzi

Ni hoja ya haki na sitaibeza. Kuna hali ambazo hata mimi napiga upya bila kuuliza. Mtu akiendesha `chmod -R 777 /`, hakuna namna ya maana ya kurudisha ruhusa za maelfu ya faili moja moja. Au umeme umekatika katikati ya kuhama toleo, na `sudo dpkg --configure -a` pamoja na `sudo apt --fix-broken install` zote zimegonga mwamba. Hapo hifadhi kwanza orodha ya ulichokuwa umeweka, `apt-mark showmanual > orodha.txt`, kisha piga.

Lakini mtazame mwenzetu wa #2. Angepiga upya jana angeikuta kadi ileile, kerneli ileile, ASPM ileile, na diski ingejaa tena. Na wewe ukibakiza /home, kama kosa liko ndani ya `~/.config` unahama nalo kwenda kwenye mfumo mpya.

Ninachopigania hasa ni wageni. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wenye kompyuta zisizokubali Windows 11 wamekuja huku. Mtu huyo akiambiwa apige upya mara tatu kwa mwezi, anaondoka akiamini Linux ndiyo mbovu, na kompyuta nzima kabisa inatupwa. Inaniuma nikiona hivyo, maana nyingi ya shida hizo ni za amri mbili tatu.

#13

Mimi ndiye mgeni huyo sasa. Nimeweka Mint, Wi-Fi haionekani kabisa, na kila maelekezo yanasema "pakua draiva". Nitapakuaje bila mtandao?

#14

Pole, ndugu. Chomeka simu kwa kebo ya USB, kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki mtandao kwa USB. Linux itauona kama mtandao wa waya, bila wewe kuweka draiva yoyote. Kisha:

`rfkill list`
`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Kwenye rfkill ukiona Soft blocked: yes, andika `rfkill unblock wifi` na huenda umemaliza. Hard blocked: yes ni swichi au kitufe kwenye kompyuta yenyewe.

Kwenye lspci tazama namba zilizo kwenye mabano ya mraba. Zikianza na 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel. Kama mstari wa Kernel driver in use haupo, kadi haina draiva inayoishughulikia. Broadcom nyingi za zamani kwenye Ubuntu na Mint huamka kwa kifurushi cha `bcmwl-kernel-source`, na Mint ina programu ya Driver Manager itakayokupendekezea yenyewe. Usichukue draiva kwa kukisia jina la kompyuta, maana kompyuta za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti. Shika hizo namba.

#15

Jamani nami nisaidiwe. Nimeweka draiva ya NVIDIA jana usiku kwenye Ubuntu, leo ni kioo cheusi tu. Nakumbuka ilipowaka kilitokea kioo cha buluu chenye maneno ya MOK, sikukielewa, nikachagua kuendelea.

#16 · Mleta uzi

Umeshajibu nusu ya swali kwa kukumbuka hicho kioo cha buluu. Wengi hukisahau.

Kompyuta yako ina Secure Boot, yaani ulinzi wa wakati wa kuwaka. Ikiwa imewashwa, kerneli haikubali moduli (kipande kinachoongezwa kwenye kerneli, kama draiva) ambayo haijasainiwa kwa ufunguo inaoujua. Draiva yako ilijengwa hapohapo kwenye kompyuta yako na kusainiwa kwa ufunguo mpya, na kile kioo kilikuwa kinakuuliza kama unautambua ufunguo huo, ndio MOK (Machine Owner Key, ufunguo wa mwenye mashine). Ulipoendelea bila kuusajili, moduli ikakataliwa.

Kwenye GRUB bonyeza e, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa linux, Ctrl+X. Picha itakuwa nzito lakini utaona. Thibitisha kwanza:

`mokutil --sb-state`
`sudo modprobe nvidia`

Ya pili ikijibu Key was rejected by service, tumepatia. Omba usajili upya:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakutaka utunge nenosiri la mara moja. Tumia herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu kioo cha buluu mara nyingi hufuata mpangilio wa kibodi ya Kimarekani na alama zinaweza kuhama. Washa upya, safari hii chagua Enroll MOK, kisha Continue, Yes, na nenosiri hilo.

#17

Nyongeza kwa wanaogandiwa kabisa hadi wanazima kwa kushikilia kitufe. Kuna Alt+SysRq (SysRq huwa ni kitufe cha PrtSc) kisha herufi. Mtandaoni mtafundishwa REISUB, yaani herufi hizo sita moja baada ya nyingine, lakini kwenye Ubuntu thamani ya kawaida ya kernel.sysrq ni 176, yaani 128+32+16. Maana yake zinazokubali ni S, U na B tu. S inamimina data kwenye diski, U inaifunga diski isiandikwe, B inawasha upya. Zipe sekunde chache kati ya moja na nyingine. Ni salama kuliko kukata umeme ghafla.

#18

Mimi shida yangu ndogo. Nina Windows na Linux kwenye kompyuta moja, kila nikihama saa inakuwa imekosea kwa masaa kadhaa.

#19

Linux inaitunza saa ya ubao kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaitunza kwa saa za mahali ulipo. `timedatectl set-local-rtc 1` inaiambia Linux ifuate Windows. Na ukiwa huko Windows zima Fast Startup, maana inaacha sehemu za NTFS (sehemu za diski za Windows) kana kwamba bado zinatumika, halafu Linux inakataa kuandika humo.

#20 · Mleta uzi

Wakuu, kwa watakaouliza baada ya hapa naomba jambo moja. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu kutoka pembeni inatuchosha wote. Nakili maandishi. Hii inatupa vifaa vyako vyote, na hiyo z ya mwisho inaficha namba za utambulisho (serial) za vifaa pamoja na anwani za mtandao:

`inxi -Fxxxz`

Kama mfumo wako unaongea lugha nyingine, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya amri ili kosa litoke kwa Kiingereza chake cha asili. Ndivyo utakavyopata wengine waliokutana nalo. Na mtu akikupa amri yenye sudo usiyoielewa, muulize inafanya nini kabla hujabonyeza Enter. Anayetaka kukusaidia hatakasirika.

#21

#15 hapa. Key was rejected ilitokea kama ulivyosema. Nimesajili ufunguo, kioo kimewaka, na `nvidia-smi` inaonyesha kadi. Nenosiri la kwanza nilikuwa nimeweka alama ya @ na lilikataliwa, nikarudia kwa herufi ndogo likapita.

#22

#2 nimerudi. Nyuma ya lile tundu ni kadi ya Wi-Fi kweli. Nimejaribu pcie_aspm=off kwa njia ya e na kelele ikanyamaza kabisa, kern.log haijaongezeka tangu asubuhi. Sasa nafanyaje ibaki hivyo daima?

#23

Hongera. Fungua `/etc/default/grub` kwa `sudo nano`, tafuta GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ndani ya alama za nukuu baada ya quiet splash acha nafasi uongeze pcie_aspm=off. Hifadhi, kisha `sudo update-grub`. Kama ni kompyuta ya betri, fuatilia chaji siku mbili tatu, kwa sababu umezima njia mojawapo ya kuokoa umeme. Ikipungua sana rudi hapa, tutajaribu kuizima kwa hiyo kadi peke yake.

#24

Imekaa. Betri nitaleta majibu Jumapili. Ile flashi nimeibakiza kama ilivyo, kesho naipeleka kwa jirani yangu, naye kompyuta yake inaganda. Nataka kwanza tuiwashe nayo bila kusakinisha, tuone kama itaganda hata huko.